Mita ya kwanza kutoka kwenye maji: kupanga pevingi kuzunguka bwawa la nyumbani

Pevingi (vitofali vya sakafu ya nje) za kuzunguka bwawa la kuogelea haziharibikii huko pembeni kwenye majani. Zinaharibikia mita ile ya kwanza kutoka kwenye maji. Kwanza unaonekana mwanya mwembamba kati ya kopingi (ukingo unaolala juu ya ukuta wa bwawa) na mstari wa kwanza wa vitofali, kisha vitofali vinazama, na masika ikishapita kidimbwi kinakaa pale pale mtoto anapokanyaga akitoka kuogelea. Chanzo ni shimo. Shimo la bwawa huchimbwa kubwa kuliko bwawa lenyewe, na nafasi inayobaki nyuma ya ukuta, nusu mita hadi mita nzima, hurudishiwa udongo wowote uliolala karibu.

Kwa hiyo kazi ya pevingi inaanza siku ya kurudishia udongo. Weka moramu au kokoto iliyochanganyika na vumbi lake. Usiweke mfinyanzi, wala mabaki ya ujenzi yenye mifuko ya saruji na vipande vya mbao ambavyo vitaoza na kuacha mashimo. Mwaga tabaka la sentimita 15, lowanisha kidogo, shindilia, ndipo umwage jingine. Ukijaza mita nzima kwa mkupuo mmoja na kupitisha kampakta (mashine ya kushindilia) juu, utakuwa umebana sentimita chache za juu tu. Sentimita 30 za karibu na ukuta shindilia kwa mkono, kwa sababu mtetemo wa mashine unausukuma ukuta, hasa bwawa likiwa tupu. Na zege la ukuta liache lifikishe siku 28 kwanza.

Kabla hujafunika chochote, mabomba ya kwenda na kurudi kwenye pampu yajazwe maji na kupimwa kwa shinikizo, na mshale wa geji usishuke. Piga picha njia yake pamoja na vipimo kutoka ukutani. Fundi umeme naye amalize kuunganisha ngazi, taa na vyuma vyote na waya wa ethi. Kufumua pevingi kwa ajili ya bomba linalovuja kunauma, na ni hasara iliyokuwa ikiepukika.

Juu ya ardhi iliyoshindiliwa unakuja msingi: sentimita 10 hadi 15 za kokoto na vumbi lake, nazo kwa tabaka mbili. Mteremko unatengenezwa hapa, kwenye msingi, wala hausubiri mchanga. Sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea mbali na bwawa, ili maji ya mvua yenye matope yasirudi ndani. Vuta uzi, hakikisha usawa kwa mpira wa maji, na ujue mapema maji ya mvua yanakwenda wapi: mfereji au bustani, si ukuta wa jirani.

Mchanga wa kulalia vitofali ni sentimita 2.5 hadi 3. Wengi wanafikia 8 kwa sababu msingi una mabonde na wanataka kuyaficha. Mchanga mnene haubaniki sawa: penye sentimita 8 patazama kuliko penye 3, na baada ya miezi sakafu inakuwa na mawimbi. Laza bomba mbili za konduti (zile za kupitishia nyaya za umeme) za milimita 25 juu ya msingi, mwaga mchanga katikati, buruza ubao ulionyooka juu yake, toa bomba, jaza mifereji iliyobaki. Ukishasawazisha, mguu usikanyage tena hapo.

Mchanga uwe wa mto, wenye chembe kali. Chukua chupa ya nusu lita, jaza mchanga theluthi moja, ongeza maji hadi karibu na shingo, tikisa kwa nguvu, acha hadi kesho yake. Mchanga utakaa chini, na juu yake tope laini kama uji mwembamba. Kama mchanga una kimo cha sentimita 6 na tope limezidi milimita 6, rudisha hiyo tripu. Mchanga wa pwani usiuguse: chumvi yake inapanda na kutokeza juu ya vitofali kama unga mweupe, na inakula nondo za bwawa.

Kuna mazoea ya kuchanganya saruji kavu kwenye mchanga huu ili "ushike". Sikubaliani nayo. Unyevu unaugandisha kuwa ganda dhaifu linalozuia maji kushuka na linalopasuka vipande vipande ardhi ikitulia. Mchanga mtupu unaweza kuinuliwa na kurekebishwa kwa nusu siku.

Kopingi ni kitu kingine kabisa. Yenyewe inakaa kwenye ukuta wa bwawa kwa mota ya saruji moja kwa mchanga tatu, ikichomoza juu ya maji kama sentimita 3. Kati yake na pevingi acha mwanya wa milimita 10 kuzunguka bwawa lote. Ukuta umesimama kwenye zege lake, pevingi zimelala juu ya ardhi, na kila kimoja kinacheza kivyake. Ukiziba mwanya huo kwa saruji, kopingi itapasuka au vigae vya chini yake vitabanduka. Ingiza kamba ya sponji, kisha funga juu kwa silikoni ya nje inayostahimili klorini.

Hesabu sasa. Bwawa la mita 8 kwa 4, sakafu ya mita 1.5 pande zote, sentimita 30 zake zikiwa kopingi, linahitaji pevingi za karibu mita za mraba 38. Kitofali cha sentimita 10 kwa 20 huingia 50 kwa mita moja ya mraba. Agiza 2,050 ili vya kukatwa visikupungukie. Unene wa milimita 60 unatosha. Kokoto ya msingi ni kama mita za ujazo 7, kwa kuwa hupungua ikishindiliwa. Mchanga mita moja na nusu.

Anza kupanga upande wa maji ukielekea nje, ili vitofali vizima vionekane bwawani na vilivyokatwa viangukie pembeni. Kipande kilicho chini ya theluthi ya kitofali kitang'oka. Badilisha mpangilio usikihitaji. Panga milimita 5 juu ya kiwango cha mwisho, kampakta itavishusha. Kata kwa grainda mbali na maji, vumbi lake linachafua plasta ya bwawa. Ukingo wa nje ufungwe kwa zege lifikalo nusu ya kimo cha kitofali, la sivyo mistari itatanuka.

Rangi chagua ya mwanga: nyeusi chini ya jua la saa saba mchana inaunguza nyayo. Uso uwe wa kukwaruza. Ukipenda mawe ya Mazeras au Galana, kama nyumba nyingi za pwani ya Kenya, yalaze kwenye mota juu ya zege, maana unene wake haulingani.

Mwisho fagia mchanga mkavu, mwembamba, kwenye maungio, pitisha kampakta yenye mpira chini, fagia tena. Bwawa lifunikwe wakati huo. Baada ya wiki mbili maungio yatakuwa yameshuka. Rudia kujaza, hasa kwenye ngazi ambako maji humwagika kila siku.