Kruza ya viazi inaenda Tot: kumbukumbu ya matayarisho, Novemba hadi Januari

8 Novemba

Safari imepata njia. Kwa miaka mitatu ilikuwa ya mdomoni, leo nimekaa na ramani na kalamu hadi mke wangu akazima taa ya sebuleni. Kutoka Nakuru tunafuata lami kupitia Mogotio hadi Marigat, karibu kilomita 100, tunapanda Kabarnet, kisha tunateremka hadi Mto Kerio pale kwenye korongo la Cheploch. Wengi wakifika hapo hupanda Tambach na kwenda Iten. Sisi tunakata kaskazini tukiwa bado chini bondeni: Arror, Chesongoch, Tot. Kutoka Tot tunaukwea ukingo wa bonde hadi Chesoi na Kapsowar, tunapita Kapcherop kwenye milima ya Cherangani, tunalala Kitale, halafu Mlima Elgon kwa lango la Chorlim. Siku 5, watu 2, gari moja.

Mwenzangu ni shemeji, kaka ya mke wangu, na kwao ni Chesoi. Anataka nione mifereji ya Wamarakwet, ile iliyochongwa kwenye miamba ya ukingo mamia ya miaka iliyopita na ambayo hadi leo maji yake hugawanywa kwa zamu baina ya koo. Mimi ni mwalimu wa jiografia. Nimeichora mifereji hiyo ubaoni mara nyingi bila kuwahi kuchovya mkono ndani ya maji yake.

Gari ni Land Cruiser ya pikapu, HZJ75 ya 1994, injini ya 1HZ: dizeli, silinda 6, lita 4.2, haina turbo. Nilinunua miaka sita iliyopita kwa mkulima wa Molo aliyekuwa akibebea viazi. Kwa shughuli za mjini na shamba la Njoro halijawahi kuniangusha. Lakini kutoka Tot kwenda juu, gari hupanda zaidi ya mita 1,000 kwa njia ya mawe na kona za kukunjana, na huko ukikwama humpigii mtu akakufikia kwa nusu saa. Kwa hiyo nimejiwekea sharti: kitu chochote ninachokitegemea kwenye ukingo ule, lazima kwanza nikione kikifanya kazi hapa nyumbani.

Tarehe tumeipeleka Januari. Mvua ndefu za Machi hadi Mei si za kuchezea upande ule. Aprili 2020 maporomoko na mafuriko yalisomba soko la Chesegon, mbele kidogo ya Tot, na watu wakafa. Shemeji halisemi jambo hilo kwa wepesi.

22 Novemba

Jaribio la kwanza, Menengai. Vibarabara vya msituni upande wa mlima vina lile vumbi laini la volkano linalofanana na unga wa ngano. Husemwa jina lenyewe la Nakuru limetoka kwenye neno la Kimaasai la mahali pa vumbi, na leo nimeliamini. Nilichagua mlima mfupi wenye mtaro katikati. Nikafunga habu zote mbili za mbele (vitovu vinavyoyaunganisha magurudumu ya mbele na shafti zake), nikarudisha kigia kidogo kwenye 4L (magurudumu manne, mwendo mzito), gia ya kwanza, taratibu.

Gari lilipanda hadi katikati likasimama. Magurudumu ya nyuma yakawa yanachimba. Kijana wa bodaboda aliyekuwa amesimama kututazama akasogea, akainama, akaniambia: "Mzee, hayo ya mbele hayazunguki."

Nilishuka nikamwomba mwanangu akanyage mafuta kidogo. Kweli. Nyuma vumbi linaruka, mbele magurudumu yametulia kama yamepigwa breki. Miaka sita nimetembea nikijua nina gari la magurudumu manne, kumbe nina la mawili.

Tulirudi nyuma tukateremka salama. Sikulala vizuri.

24 Novemba

Kwa fundi. Nimeandika hatua zote kwa sababu jaribio hili mtu yeyote anaweza kulifanya uani kwake kwa jeki moja, na laiti ningelifanya siku ile niliponunua.

Zima gari, weka kigia kidogo kwenye 2H (magurudumu ya nyuma tu), zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Inua gurudumu moja la mbele. Habu ikiwa kwenye FREE (imeachia), zungusha gurudumu kwa mkono: propela ya mbele, ule mhimili mrefu unaoleta nguvu kwenye ekseli, haisogei. Geuza habu zote mbili ziwe LOCK (zimeshika), zungusha tena: sasa propela lazima izunguke. Ukimaliza, hamia upande wa pili.

Upande wa kulia propela ilizunguka. Upande wa kushoto ilikaa kimya, gurudumu likizunguka bila kuvuta chochote. Na hapo fundi akanieleza jambo ambalo sikuwa nimewahi kulifikiria. Difu ya mbele ya gari hili, yaani gia zinazogawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia, ni ya kawaida, haina loki. Nguvu zote hukimbilia upande ulio mwepesi. Habu moja isiposhika, shafti ya upande huo inazunguka bure na nguvu yote inaishia hapo, hata kama habu ya pili ni mpya kabisa. Habu moja ikifa, ekseli nzima ya mbele imekufa.

Kuifungua ni kazi ya subira. Nati 6, na chini ya kila nati kuna washa ya koni iliyojikaza kwenye stadi. Fundi hakutumia patasi. Alichukua kipande cha shaba akawa anagonga kichwa cha kila stadi, pigo moja moja, mpaka washa ikaruka kama punje ya bisi. Ndani, grisi ilikuwa imegeuka. Ilikuwa ngumu na nyeupe-nyeupe kama sabuni ya kipande iliyosahaulika dirishani. Kitufe cha nje kilikuwa kinageuka vizuri kabisa na kuonyesha LOCK, lakini ile ringi ya ndani yenye meno ilikuwa imeganda pale pale, springi haina nguvu ya kuisukuma.

"Mwalimu, hii haijashika kitu tangu enzi za viazi," fundi akasema.

Akaosha kila kipande kwa dizeli, akapitisha msasa laini palipo na kutu, akaweka springi mpya na gaskiti mpya. Grisi akapaka kidogo tu. Akaniambia wanaojaza habu hadi kufurika ndio wanaoiua, maana grisi nyingi ikizeeka ndiyo inayoizuia ringi kusogea. Tukafungua na ya kulia pia ingawa ilikuwa inafanya kazi. Grisi yake ilikuwa imeanza safari ile ile.

Tulipoinua tena na kuzungusha, propela ikazunguka pande zote mbili. Nilizungusha mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

6 Desemba

Kupoza injini, kisha breki.

Rejeta ilikuwa imeziba sehemu ya chini kwa mbegu za nyasi na tope kavu. Tumeiosha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Jambo kubwa zaidi: hakukuwa na thamostati, ile valvu inayofunguka maji yakipata moto. Mwenye gari wa awali aliitoa, kama wanavyofanya wengi hapa kwetu wakiamini gari litapoa zaidi. Fundi wangu anapinga desturi hiyo kwa nguvu zote na amenishawishi. Thamostati ya injini hii ina kazi mbili. Ikifunguka hupeleka maji kwenye rejeta, na papo hapo hufunga njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi, na sehemu ya maji ya moto inazunguka bila kuiona rejeta kabisa. Mjini hutajua. Kwenye mlima mrefu na mzigo, utajua. Tumeweka mpya.

Tumebadilisha na kifuniko cha rejeta, mpira wake ulikuwa umepasuka. Ni kitu kidogo cha bei ndogo, lakini kwenye mita 3,000 maji huchemka kwenye nyuzi 90 hivi, na presha ya kifuniko hicho ndiyo inayoyazuia yasichemke mapema. Njia ya magari ndani ya hifadhi ya Elgon hupita mita 3,500. Huko injini isiyo na turbo itakuwa imepungukiwa na hewa karibu theluthi moja ikilinganishwa na pwani, kwa hiyo nitarajie moshi mweusi na nisiikanyage kwa hasira. Gia ya chini, mguu mwepesi.

Mafuta ya breki yalikuwa na rangi ya strungi. Mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na kadiri yanavyonyonya ndivyo yanavyochemka upesi. Mafuta mapya ya daraja la DOT 3 huchemka kwenye nyuzi 205, lakini yakishazeeka na kunyonya maji kiwango kinashuka hadi 140. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke hubanika: unakanyaga pedeli inakwenda hadi chini, gari linaendelea kwenda. Tumemwaga yote tukaweka DOT 4. Lakini breki bora ya mteremko kama wa Kabarnet ni injini yenyewe: ingia gia ya chini kabla hujaanza kushuka, si ukiwa umeshapata kasi.

20 Desemba

Tairi. Nimenunua 4 mpya za 7.50R16 na nimebakiza 2 nzuri za zamani kuwa spea. Pesa hizi marafiki walitaka nizitie kwenye winchi, mashine ya kujivuta kwa kebo ukikwama. Nimekataa. Winchi na bampa yake ni uzito mkubwa juu ya springi za mbele kila siku ya safari, kwa kazi ambayo huenda usiihitaji hata mara moja. Tairi unazihitaji kila mita.

Rimu zangu ni zile za zamani za ringi, na tairi zina tubu. Uzuri wake ni kwamba naweza kuziba pancha mwenyewe porini kwa vyuma viwili na solushoni. Hatari yake ni ringi kuruka wakati wa kujaza upepo, na hilo limeua mafundi. Mimi nafunga mnyororo kuzunguka rimu na tairi kabla ya kujaza, kisha nasimama pembeni, si mbele yake.

Tubu ina masharti mengine pia. Kwenye lami najaza upepo wa psi 35, kwenye mawe nashusha hadi 25 ili tairi ikumbatie jiwe badala ya kulirukia. Lakini ukishusha mno, tairi huanza kutambaa juu ya rimu, inaivuta tubu, na valvu inakatika shingoni. Nimepaka mstari mwembamba wa rangi nyeupe unaoanzia kwenye rimu hadi kwenye ubavu wa tairi, yote manne. Mstari ukivunjika, tairi imesogea. Nilirudi Menengai na 25, nikazunguka saa mbili, nikakagua: mistari imenyooka. Na mlima ule wenye mtaro niliupanda mara tatu. Mwanangu alisimama kando akitazama magurudumu ya mbele tu, kama nilivyomwagiza.

3 Januari

Mzigo. Nimepanga kila kitu uani juu ya turubai, nikaondoa theluthi. Mtungi 1 wa dizeli wa lita 20 na mitungi 2 ya maji, yote chini sakafuni karibu na kabini. Juu hakuna kitu kizito, maana kwenye njia yenye mlalo uzito wa juu ndio unaopindua gari. Koleo, panga, jeki ya pili na kipande cha ubao mgumu cha kuikalisha ili isizame. Kamba ya kuvutia inayonyumbuka na shakolo 2 (pingu za chuma za kuifungia) zilizopimwa. Kamba hiyo haifungwi kwenye tufe la chuma la kuvutia trela hata siku moja: likikatika linaruka kama risasi. Mkanda wa feni, filta 2 za dizeli, tubu 2, waya, grisi, washa za koni za akiba.

Hesabu ya mafuta: tangi la lita 90. Kwenye lami gari linakula lita 13 hivi kwa kilomita 100, kwenye gia nzito nahesabu 20. Najaza Kabarnet, na mtungi ubaki haujaguswa hadi Kapsowar.

10 Januari

Shemeji alipiga simu jana jioni. Amezungumza na wazee wa Chesoi na chifu wa chini bondeni. Bonde la Kerio limeumizwa sana na wizi wa mifugo, hata serikali ikapeleka wanajeshi mwaka 2023, na mgeni hapiti bila kuuliza hali ya siku ile. Kwa sasa kumetulia. Tutapita Chesongoch na Tot mchana kweupe, na hatulali bondeni.

"Shemeji," akaniambia, "mawe mawili makubwa yameanguka kwenye kona ya tatu. Vijana wamefungua upande mmoja. Gari lako litapita, lakini utakunja mara mbili."

Kukunja mara mbili maana yake ni kurudi nyuma kwenye mteremko na bonde likiwa mgongoni. Leo asubuhi nimefanya mazoezi hayo kwenye njia ya shamba la Njoro: 4L, gia ya kurudi nyuma, mtu mmoja nje akiongoza kwa mikono, mimi nikimtazama yeye peke yake. Kebo ya hendibreki ilikuwa imelegea, imekazwa.

Tunaondoka Alhamisi saa kumi na moja alfajiri. Kimebaki kitu kimoja, hosi ya chini ya rejeta. Iliyopo ina ufa mdogo karibu na klipu, na mwenye duka la spea ameahidi kunipa mpya Jumatano mchana.