Mshubiri wa roshani yangu

Mshubiri wangu wa kwanza niliupanda mwezi wa Aprili, masika yakiwa yamekolea, katika ndoo ya rangi ya lita 20 ambayo sikuitoboa chini, kwa udongo niliouchota nyuma ya ploti yetu hapa Embakasi. Anayeijua Nairobi ya upande huu wa mashariki atakuwa amekwisha kucheka, kwa sababu udongo wetu ni ule mweusi wa mfinyanzi, ambao ukinyeshewa hugeuka uji na ukikauka hupasuka nyufa za kuingia kidole. Baada ya majuma matatu majani yalilegea na kuwa na rangi ya chai ya rangi, na nilipoushika mmea ulinijia wote mkononi, mizizi imekwisha kuoza.

Wa pili ninao mpaka leo, na huu ni mwaka wake wa sita. Nilipewa na mama mkwe wangu kule Kitui, ambako kila aina ya mshubiri huitwa kiluma. Aliling'oa chipukizi ubavuni mwa mmea mkubwa uliokuwa karibu na jiko lake, akalifunga kwa gazeti, kisha akaniagiza nisilipande siku ile. “Kiache kidonda kikauke kwanza, mwanangu,” alisema. “Kiluma hakina haraka.” Nilikaa siku tano kabla ya kulipanda. Alinionya pia nisijaribu kung'oa ile ya porini yenye maua mekundu, na hapo alikuwa upande wa sheria bila kujitangaza, maana uvunaji wa mishubiri ya mwituni ulipigwa marufuku na rais mwaka 1986, baada ya biashara ya utomvu wake kutishia kuimaliza. Huu wa kwetu ni ule wa kupandwa, wenye maua ya manjano, ambao wauza miche wengi wa kando ya barabara za Nairobi wanao.

Safari hii nilichanganya sehemu mbili za mchanga na kokoto ndogo na sehemu moja ya udongo mwekundu wenye samadi iliyooza, katika chungu chenye matundu. Januari na Februari, jua linapokuwa kali, huumwagilia mara moja kila baada ya siku 10 hadi 14. Julai, mawingu yanapotanda na baridi kutubana, mwezi mzima unaweza kupita bila tone. Mmea huu hufungua vitundu vya majani yake usiku na kuvifunga mchana ili usipoteze maji, kwa hiyo ukame wa wiki mbili si taabu kwake.

Jambo ambalo ningependa kila anayeufuga alijue ni kwamba jani moja lina vitu viwili tofauti. Nikikata jani la nje, lile nono la chini, hulisimamisha ndani ya kikombe, upande uliokatwa ukielekea chini. Papo hapo hutiririka utomvu wa manjano kutoka pembezoni, chini kidogo ya ganda, wenye harufu nzito inayong'ang'ania vidole. Hiyo ndiyo shubiri yenyewe, ile tunayoisema tunaposema kitu ni kichungu kama shubiri. Baada ya dakika 15 hivi utomvu hukoma. Ndipo ninapoliosha jani, nikalimenya, na kupata ute mweupe angavu unaoteleza kama bamia, ambao karibu wote ni maji.

Mimi nilijifunza tofauti hiyo kwa njia mbaya. Muuza sharubati mmoja alinishauri nisage jani zima, na ganda lake, nichanganye na asali na ndimu, ati husafisha damu. Sijui damu ilisafishwa vipi, ila tumbo lilinikata usiku kucha na choo kikawa makao yangu. Shubiri ni haluli kali, yaani dawa ya kuharisha, na mwaka 2002 mamlaka ya dawa ya Marekani iliziondoa haluli zenye shubiri miongoni mwa dawa zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa ushahidi wa usalama wake haukutosha. Mjamzito asiinywe kabisa, na anayetumia dawa za kisukari au za kuongeza mkojo amuulize daktari wake kwanza. Akina mama wanaopaka shubiri kwenye chuchu ili kumwachisha mtoto ziwa nawaelewa, lakini mtoto huimeza, na mimi ningetafuta njia nyingine.

Ute ninautumia kwa ngozi tu. Mafuta ya mandazi yakinirukia mkononi, huanza na maji ya bomba yanayotiririka, dakika 20 kamili, halafu ndipo nipake ute mbichi. Kuungua kwa kina, au kwa eneo kubwa, ni kwa hospitali. Mama mkwe hupondaponda majani katika maji ya kuku wake akisema huwakinga na mdondo. Mimi sina kuku, na mdondo una chanjo.

Juma lililopita nilitenga machipukizi manne, nayo yamelala juu ya gazeti dirishani yakikausha vidonda. Moja ni la jirani wa ghorofa ya chini, ambaye tayari amenionyesha ndoo yake, nami nimemwomba aigeuze nione kama ina matundu.