Kamera niliyoichagua kwa kuchungulia matundu ya kompyuta

Mwaka 2009 dada yangu alipokaribia kuolewa, nilijitwisha kazi ya kupiga video. Kamera sina. Nilichokuwa nacho ni kompyuta ya mezani, Pentium 4 yenye RAM ya megabaiti 512 na Windows XP.

Kariakoo kila muuzaji alianza na kuvuta (zoom), yaani kuleta karibu kitu kilicho mbali. "Kaka, hii inavuta mara mia nane!" Kuvuta huko ni kwa kidijitali, yaani kamera inatanua nukta tu na picha inachakaa, kunakofaa ni kule kwa lenzi. Mimi nilikuwa nauliza jambo moja: picha zikishapigwa, zinaingiaje kwenye kompyuta yangu?

Kamera za kisasa wakati ule zilirekodi AVCHD, aina ya video ya ubora wa juu, kwenye kadi ya kumbukumbu. Nikaomba kipande cha dakika moja kwenye flashi, nikakijaribu nyumbani. Sauti ikatangulia, picha ikafuata kwa kurukaruka kama mtu anayevuka matope. Video ya namna hiyo imebanwa sana, fremu moja, yaani picha moja kati ya nyingi zinazounda video, inategemea majirani zake, na mashine yangu haikuwa na nguvu za kuifumua. Zilizorekodi kwenye DVD ndogo sikuzitaka, kuhariri kwake ni taabu.

Ikabaki Mini DV, ya kaseti. Fremu zake hubanwa moja moja, hata kompyuta ya kizee inazimudu. Niliipata iliyotumika, nikahakikisha ni PAL, mfumo wa picha wa televisheni zetu wakati ule, maana zilizotoka Marekani zilikuwa za mfumo mwingine, NTSC. Muuzaji akachomeka waya wa USB: "Si unaona imeingia?" Imeingia ndiyo, lakini kwa kamera ile USB ilitoa picha mnato tu. Video ya kaseti ilipita FireWire, aina nyingine ya waya, ambayo Sony waliiita i.LINK, na kompyuta yangu haikuwa na tundu hilo. Fundi akanipachikia ndani ya kompyuta kadi ya PCI yenye tundu hilo. Hata waya nilikosea mara ya kwanza: upande wa kamera ni pini 4, upande wa kadi ni pini 6.

Jaribio la kwanza likakatika kwenye dakika ya 19 hivi. Nililaumu kamera, nikalaumu fundi, kumbe ni diski ya kompyuta. Saa moja ya DV inakula takriban gigabaiti 13, na diski yangu ilikuwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili usiokubali faili moja kuzidi gigabaiti 4. Nikaigeuza NTFS, mpangilio usio na kikomo hicho, ikatulia.

Harusi ilijaza kaseti tatu. Kaseti haihamishwi kwa haraka. Saa moja ya video ni saa moja ya kusubiri. Mama alipita sebuleni akasema anachungulia mara moja tu, akavuta kiti. Aliondoka kaseti ya tatu ilipoisha.