Shangazi kapiga kutoka Arua, tena si kwa laini

Jamani, leo jioni mtambo wangu umeita kweli!

Kwa wasiojua: hapa Kampala nina Raspberry Pi (kikompyuta kidogo cha bei nafuu), nimeiwekea Asterisk, ile programu ya bure aliyoianzisha Mark Spencer mwaka 1999. Inageuza kompyuta kuwa kituo cha simu zinazopita kwenye intaneti. Namba unajipangia mwenyewe. Shangazi nimempa 200, eti ni rahisi kukumbuka.

Siku zote hizi sauti ilikuwa inakwenda upande mmoja. Mimi namsikia, yeye hanisikii, anapaza "halo! halo!" tu.
Intaneti ya simu hukaa nyuma ya NAT (simu nyingi hutumia anwani moja, kwa hiyo kutoka nje huifikii simu moja kwa moja), pakiti za sauti zikakosa pa kupenyea. Nikapitisha kila kitu ndani ya WireGuard, programu ya VPN inayounganisha vifaa kwa njia yao ya faragha. Kwisha.

Lakini kilichoniacha mdomo wazi ni kodeki, yaani namna sauti inavyogeuzwa kuwa data ili isafiri.

G.711, kodeki ya zamani ya simu, hula kilobiti 64 kwa sekunde kila upande, na bado hukata sauti nyembamba, zile za juu ya hezi 3,400 hivi. Nikaitoa, nikaweka Opus, kodeki mpya zaidi inayobeba hata hizo sauti nyembamba.

Shangazi akapiga. Nyuma yake nikasikia vitunguu vikikaangwa. Si kelele ya jumla, ni ule mchakariko wenyewe wa mafuta, tsss!

"Shikamoo shangazi. Leo mboga gani?"
"Marahaba. We mtoto, nani kakwambia niko jikoni?"

Nimecheka hadi jirani kagonga ukuta.

Sasa wenzangu, umeme ukikatika Pi mnaiwekea betri gani? Na Linphone (app anayopigia shangazi) kwenu inamaliza chaji hivi, au ni simu ya shangazi tu?