Vitamini D na MS: chupa niliyoificha mkobani

Nilipoambiwa nina MS, yaani multiple sclerosis, ugonjwa wa neva, jicho la kulia lilikuwa limeingia ukungu na miguu inakufa ganzi. Kinga yangu mwenyewe ilikuwa inashambulia utando unaofunika neva. Kipimo cha damu kikaonyesha vitamini D ni nanogramu 11 kwa mililita, na chini ya 20 huhesabiwa kuwa upungufu. Nikajua nimempata mchawi wangu.

Nikasoma usiku kucha. MS huonekana zaidi kadiri unavyokwenda mbali na ikweta. Mwaka 2006, watafiti waliochunguza damu ya wanajeshi wa Marekani waliona kwamba wenye vitamini D nyingi hawakuugua MS sana kama wenzao. Yote kweli. Kosa langu ni kudhani kinachoendana na kutougua ndicho kitakachoniponya nikishaugua. Daktari aliniandikia yuniti 2,000 kwa siku. Nikajipandishia hadi 20,000, na vidonge vya kalsiamu juu yake, bila kumwambia mtu.

Baada ya miezi mitano nguvu zikaniishia, choo kikawa kigumu, kiu haikatiki. Usiku naamka mara nne kukojoa, na kila nikirudi naimaliza glasi ya maji iliyo kando ya kitanda. Nikasema ni MS tu, maana nayo huchosha na husumbua kibofu vivyo hivyo. Ndiyo maana nilichelewa kushtuka.

Muuguzi wa kliniki ndiye aliyeuliza: "Dada, mbali na dawa tulizokupa, unameza nini kingine?" Nikaitoa chupa mkobani. Akasoma lebo, akahesabu matone kwa vidole, akanyamaza. Vitamini D ikizidi hupandisha kalsiamu kwenye damu, na damu yangu ilipopimwa, kalsiamu ilikuwa imepanda kiasi cha kutishia figo.

Niliacha vyote. Vitamini D hujihifadhi kwenye mafuta ya mwili, haitoki upesi; kiu ilitulia baada ya wiki kadhaa.

Daktari hakunigombeza. Alinieleza utafiti wa Marekani wa 2023: waliopewa yuniti 5,000 kwa siku pamoja na dawa ya MS walirudiwa na mashambulizi sawa tu na waliopewa 600. Kisha wa Ufaransa, 2025: watu waliokuwa mwanzoni kabisa mwa ugonjwa walipewa 100,000 kila wiki mbili, na katika miaka miwili ugonjwa ulijitokeza tena kwa asilimia 60 yao, dhidi ya 74 ya waliopewa dozi bandia. Huo wa pili unanipa matumaini kwelikweli, ila wale walikuwa mikononi mwa madaktari, mimi nilikuwa peke yangu na chupa.

Sasa nameza 2,000, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo ili ifyonzwe vizuri. Kipimo cha mwisho kilisoma 36, kalsiamu iko sawa. Dawa yangu ya MS sijaikosa hata siku moja. Na muuguzi anapofungua faili langu, vitamini D naitaja kabla hajauliza.