Umejibu Upesi

Mama alisema maneno mawili tu, "Umejibu upesi," kisha akaniuliza kama theluji imeanza kuanguka huku kwetu Ohio, na tangu Jumapili ile maneno hayo yamekataa kutulia. Baba Kitinda amepata ile kazi ya bohari tuliyoiombea dua tangu Ramadhani, na benki nayo imetujibu kuhusu nyumba, lakini hayo yatasubiri, kwa sababu kila nikikaa kuyaandika ninajikuta nimerudi kwenye simu ile.

Yalianza pale Kitinda alipomwambia bibi yake kwamba amechaguliwa katika tamthilia ya shule. Bibi akauliza atakuwa nani, naye akajibu kwa fahari kwamba atakuwa mmea. Tena si mmea hasa, bali atakaa ndani yake, akiufumba na kuufumbua mdomo, huku sauti ikitolewa na mwenzake aliyejificha nyuma ya jukwaa. Kukawa kimya upande wa Tanga. Kisha Mama akasema, "Nipe mama yako."

Tamthilia yenyewe ni Little Shop of Horrors, na ndivyo nilivyojikuta nikimsimulia mwanamke wa miaka zaidi ya sabini, kwenye laini inayokatikakatika, hadithi ya mmea unaokula watu na kuimba. Chanzo chake ni filamu ya bei rahisi ya Roger Corman ya mwaka 1960, ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa kwa siku mbili tu. Mwaka 1982 Howard Ashman aliandika maneno, Alan Menken akatunga muziki, na ikawa mchezo wa nyimbo uliokaa zaidi ya miaka mitano katika ukumbi mdogo wa New York. (Ni hao hao wawili waliotunga baadaye nyimbo za yule nguva wa Disney, ambazo Kitinda alituchosha nazo akiwa bado hajaanza shule.) Hayo yote sikumwambia Mama. Nilimwambia kwamba kuna kijana yatima aitwaye Seymour, aliyelelewa na mwenye duka la maua, Bwana Mushnik, katika mtaa wa walalahoi, na kwamba duka halina wateja hadi kijana anapoweka dirishani mmea wa ajabu alioununua siku jua lilipopatwa.

"Jua limepatwa?" Mama akadakia. "Watu wanaswali, yeye yuko sokoni?"

Nilicheka, naye akacheka, na simu ilikuwa nzuri hadi hapo. Nikaendelea. Mmea unanyauka, maji hautaki, mbolea hautaki, kijana anajichoma kidole kwa mwiba wa waridi, na tone la damu linapotoka mmea unafumbua mdomo. Anaulisha kwa vidole vyake mpaka vinakwisha kwa plasta. Wateja wanamiminika, magazeti yanakuja, na mmea, ambao ameupa jina la Audrey II kwa mapenzi aliyonayo kwa Audrey, msichana wa dukani, unakua hadi siku unapopata sauti na kudai chakula kingi zaidi. Kijana anasema hawezi kuua mtu. Mmea unamwuliza kama kweli hakuna mtu duniani anayestahili kufa, na papo hapo wanamwona dirishani bwana wa Audrey akimpiga.

Bwana huyo ni daktari wa meno. Mnajua mimi ni msaidizi wa daktari wa meno, kwa hiyo mnaweza kufikiri ni mara ngapi wenzangu wa kliniki wamenicheka wiki hii. Huyu anaendesha pikipiki, anavaa jaketi la ngozi, na anawaumiza wagonjwa kwa raha yake. Audrey anakuja kazini jicho limevimba, siku nyingine mkono umefungwa kitambaa shingoni, na kila akiulizwa ana maelezo. Seymour anamwendea na bastola, lakini kabla hajaitumia daktari anajivika barakoa ya gesi ya kuchekesha ili ajiburudishe, na barakoa inakwama. Hawezi kuivua. Anaomba asaidiwe, lakini kila neno linatoka na kicheko, naye anacheka hadi pumzi inamwishia.

Hapo ndipo Mama aliponisimamisha.

"Alimwomba amvue?"

"Alimwomba, Mama, ila kwa kucheka."

"Na kijana alisikia?"

"Alisikia. Alisimama tu na bastola yake."

"Ungekuwa wewe, ungemvua?"

"Ningemvua, Mama."

"Umejibu upesi."

Nimeyapitia mazungumzo haya ndani ya basi, kwenye foleni ya duka, na mbele ya mgonjwa aliyefumbua mdomo. Kwanza nilijitetea kwa kazi yangu. Gesi ile tunaitumia kuwatuliza watoto na watu wazima waoga. Mgonjwa huvalishwa kifuniko cha pua, na mashine zetu za leo zimetengenezwa ili oksijeni isishuke chini ya asilimia 30 hata ukizungusha kitufe mpaka mwisho. Tukimaliza, humpa oksijeni tupu kwa dakika kadhaa kabla hajainuka. Kinachoua katika hadithi ile ni kukosa oksijeni, wala si kicheko, na msaidizi wa daktari wa meno anayeambiwa habari ya barakoa iliyokwama, mkono wake hutangulia kabla ya kichwa. Basi nilijibu upesi kwa sababu nimefundishwa upesi. Nilitaka kumpigia Mama nimweleze hivyo, lakini nikaona ni jibu la mtu aliyeulizwa juu ya mashine, na Mama hakuniuliza juu ya mashine.

Ilikuwa usiku, nikipanga vyombo, nilipomkumbuka Dada. Ninyi mliosoma tangu mwanzo mnayajua ya Dada na shemeji, na sitayarudia. Mnajua pia kwamba shemeji alipopooza, baada ya miaka yote ile ya mitandio iliyovutwa kuficha shavu, jamaa zake walimtelekeza, na aliyekuwa akienda kila asubuhi na chupa ya uji, akimwinua kichwa na kumnywesha kijiko kwa kijiko, alikuwa Mama. Mimi nilikuwa tayari huku. Nililipokea jambo hilo kwa simu kama habari njema, nikawaandikia na ninyi jinsi mama yangu alivyo na moyo. Sikuwahi kumwuliza alikuwa akiwaza nini njiani, chupa ikiwa mkononi, kutoka kwake hadi kwenye nyumba ile. Nadhani kila asubuhi alijibu swali lile aliloniuliza, na nadhani hakuna hata asubuhi moja aliyolijibu upesi.

Au labda Mama alikuwa anasikiliza hadithi tu, na mimi ndiye ninayempakulia mawazo. Inawezekana.

Kwa maana Jumatano alinipigia mwenyewe, mchana wa kwetu, nikiwa kwenye mapumziko, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyejaa kicheko. Alikuwa amewasimulia wanawake wa kikoba hadithi nzima hadi kwenye barakoa, na wamemtuma aulize mwisho, kwa sababu wameshindwa kuendelea na hesabu za fedha. Nikamsimulia nimesimama karibu na mashine ya kahawa. Kijana anamkatakata daktari na kumlisha mmea. Mushnik, ambaye alipoona fedha zinaingia alikwenda akamfanya kijana mwanawe kisheria, anagundua siri, naye anaishia mdomoni. Audrey, ambaye ndoto yake yote ilikuwa nyumba ndogo yenye uzio, bustani ya kijani na makochi yaliyofunikwa plastiki...

"Kama ya Mama Mkubwa!" Mama akapiga kelele, na nikasikia wenzake wakiangua kicheko nyuma yake, kumbe alikuwa ameweka spika.

...Audrey anaumwa na mmea, na akiwa anakufa anamwomba Seymour amlishe huo huo mmea, angalau akae mahali penye ukijani. Wimbo wake ni ule ule wa ndoto ya nyumba, na kwangu hapo ndipo mchezo unapoacha kuwa wa mzaha, ingawa watu ukumbini bado wanacheka. Seymour anajaribu risasi, anajaribu sumu, mwisho anaingia mdomoni na panga auue kwa ndani, asitoke. Vipandikizi vya mmea vinasambazwa nchi nzima, na waliokufa wanarudi nyuso zao zikiwa ndani ya maua, wakituonya tusiulishe.

Kikoba kilinyamaza, kisha kikalipuka. Mmoja alisema mwenye kosa ni Mushnik, aliyemtaka mtoto baada ya kumwona ana fedha. Mwingine alitaka kujua kwa nini Audrey hakurudi kwao. Mama aliuliza kama huko New York mafuta ya taa hayauzwi. Nikawaambia kwamba filamu ya Frank Oz ya 1986 ilipigwa na mwisho huo wa huzuni, mimea mikubwa ikiangusha majumba, lakini watazamaji wa majaribio waliukataa, ukapigwa mwingine ambamo kijana anauua mmea kwa umeme na kumwoa Audrey. Ule wa kwanza ulitolewa tena mwaka 2012. Oz alieleza kwamba jukwaani waliokufa hurudi kuinama mbele ya watu, kwenye filamu hawarudi. Walipiga kura. Wengi walichagua arusi. Mama alichagua mimea iangushe majumba, na hakutoa sababu, akasema tu kwamba Kitinda ale vizuri kabla ya kuingia ndani ya lile dude, maana kutakuwa na joto.

Nilirudi kwa mgonjwa wangu nikiwa na tabasamu ambalo daktari alidhani ni la jino lililong'oka vizuri. Swali la barakoa halikutajwa. Sikulitaja, naye hakulitaja, na Dada, ambaye nina hakika alikuwa amekaa kwenye mkeka ule na wenzake, sikuisikia sauti yake hata mara moja.

Kitinda anasema mmea wa bandia wa nne, ule mkubwa kuliko yote, una uzito wa kutosha kumvunja mabega, na wanaukodi, kwa hiyo ukichanika ni sisi tutakaolipa. Lakini kinachoninyima usingizi leo ni kaka yake: ana mtihani wa udereva Alhamisi, na mpaka jana jioni alikuwa bado anarudi nyuma kwa kutazama kioo kimoja tu, tena cha upande usiohusika.