Bakuli Chini ya Birika

Lamu, Ijumaa usiku

Chooni mwa nyumba za mawe za hapa Lamu mna birika la maji, limejengwa kwa mawe na kupigwa chokaa. Chini kabisa, katika sakafu ya birika lenyewe, pamezamishwa bakuli la kauri la Kichina. Birika likijaa, bakuli halionekani. Siku ya kulisafisha, maji yakishachotwa yote, ndipo linapotokeza, na ndani yake wamebanana samaki wadogo wanne watano katika maji ya vikombe viwili. Hao ndio wanaokula viluwiluwi vya mbu. Bila bakuli wangekufa kila birika linapokaushwa.

Mgeni akionyeshwa hilo huuliza kwanza, "Ni la mwaka gani?" Swali si baya, ila silo lililomsimamisha. Kilichomsimamisha ni kwamba chombo kilichovuka bahari kutoka China, ambacho kwa haki yake kingekaa ndani kwenye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, pamoja na vyombo vya heshima, kimeishia chooni kulea samaki. Kuna kitu hakikai sawa, na akili haitulii mpaka ipate sababu. Nadhani mvuto wa vitu vya kale unaanzia hapo. Umri peke yake hautoshi. Mwamba wa matumbawe kule Manda una umri kushinda mji wowote wa pwani hii, na watu wanaukanyaga kila siku wakienda kupanda ndege.

Chukua vyumba. Ingia nyumba yoyote ya zamani mjini, uanze msana wa tini, yaani ukumbi wa kwanza, uende msana wa juu, upite mpaka vyumba vya ndani, ukipima kwa hatua. Urefu wa vyumba hubadilika kutoka nyumba hadi nyumba. Upana haubadiliki sana: mita 2.5 au kidogo zaidi, na ni nadra kufika 3. Nyumba ya tajiri na ya mtu wa kawaida, upana ni ule ule. Kwa nini mtu mwenye pesa za kuchonga nakshi ukuta mzima akubali kuishi kwenye chumba chembamba kama kichochoro?

Jibu liko juu ya kichwa. Dari inabebwa na boriti za mkoko, na juu ya boriti kuna vibao vya matumbawe, na juu ya vibao zege la chokaa na kokoto lililoshindiliwa mpaka likashikana. Uzito wake si wa mchezo. Boriti ikizidi urefu huo hupinda. Basi mti wa mkoko ndio uliokata upana wa chumba cha Mswahili. Mwenye mali alirefusha, akaongeza ghorofa, akajaza zidaka, kupanua hakuweza.

Kwa anayekagua dari ya namna hiyo: usihangaike na katikati, maana katikati hupata hewa. Tazama ncha, pale boriti inapoingia ukutani, kwa sababu hapo ndipo unyevu wa paa linalovuja hukaa. Choma kwa ncha ya kisu. Kikizama zaidi ya sentimita moja, mti umeoza ndani, hata kama uso bado ni mweusi na mgumu.

Vigae navyo, yaani vipande vya vyombo vilivyovunjika. Mvua za masika zikipita, hutokeza kwenye magofu ya Takwa, Pate na Shanga, na hata hapa mjini mtaro ukichimbwa. Kukisoma kigae hakuhitaji maabara. Anza na pale kilipovunjika kabla ya kutazama ua lililochorwa juu. Kauri yenyewe ndani ni nyeupe na imeshikana kama kioo. Kiguse kwa ncha ya ulimi (kioshe kwanza, mitaro ya hapa mimi siiamini): ulimi ukinata kidogo, hicho ni chombo cha udongo kinachofyonza mate, usiponata, ni kauri, au udongo uliochomwa kwa moto mkali sana. Kiinue mbele ya jua. Kauri nyembamba hupitisha mwanga, na ukiweka kidole nyuma utaona kivuli chake. Kama kitako kimebaki, kigeuze: kwenye duara la chini mara nyingi zimeganda chembe za mchanga wa tanuri, na kando yake pameungua rangi ya chungwa pale ambapo utando wa kioo haukufika. Mwigaji wa leo hasumbuki na hayo.

Rangi nayo inasema. Udongo laini wa manjano wenye utando mzito wa feruzi ni wa upande wa Ghuba, Iraki na Uajemi, na ni wa zamani sana, karne ya 8 hadi ya 10. Kijani kilichopauka, kama maji ya mkondo mahali pasipo na kina, ni cha tanuri za Longquan huko China, na kwa pwani yetu aghalabu ni karne ya 14 na 15. Samawati juu ya nyeupe kwa jumla huja baada yake, na imeendelea kuletwa kwa karne kadhaa, kwa hiyo usikimbilie kutamka Ming, ile enzi ya wafalme wa China ya zamani.

Kinachodanganya wengi ni kigae cheupe chenye maua mekundu au ya kijani, kizito, kisichopitisha mwanga. Tafuta mahali ambapo ua limekatika na kuanza tena upya: hapo ndipo karatasi ya chapa ilipoungana. Hicho ni cha kiwanda cha Ulaya, labda Maastricht kule Uholanzi, karne ya 19. Watu huvunjika moyo wakiambiwa. Mimi sioni sababu. Kigae hicho kinaonyesha enzi ambayo meli za Ulaya zilikuwa zimeshaingia kwenye biashara iliyokuwa ya majahazi ya Ghuba na Bara Hindi, na mama wa Lamu akaipanga sahani ya Mholanzi kwenye zidaka zile zile alimopanga bibi yake ya Kichina.

Kosa kubwa tunalofanya tunalifanya kwa mapenzi: kusafisha. Pwani hii mtu amezoea kung'arisha shaba kwa ndimu au ukwaju na majivu, na sinia linatoka kama jua. Pesa ya shaba ya zamani ukiifanyia hivyo umeiua. Ule ukijani uliouchukia ndio ulioshikilia maandishi, na tindikali ikishaula unabaki na kiduara chekundu laini kisichosema lolote. Kigae kilichotoka baharini nacho kikiachwa kikauke tu, chumvi iliyoingia ndani huganda na kuubandua utando wa kioo vipande vipande, labda miezi baadaye, kikiwa kabatini. Dawa yake ni ndoo ya maji matamu, kubadilishwa kila siku kwa wiki ya kwanza, kisha mara moja moja kwa wiki kadhaa, ndipo kikaushwe kivulini.

Ila bora kisiokotwe. Pale Shanga, kisiwani Pate, wachimbaji wa miaka ya 1980 wakiongozwa na Mark Horton walikuta chini ya msikiti wa mawe misikiti mingine, mmoja juu ya mwingine, na ya chini kabisa ilikuwa ya miti, imebaki mashimo ya nguzo tu mchangani. Ilirudi nyuma mpaka karne ya 8. Mashimo hayana tarehe. Waliyapa umri kwa msaada wa vigae vya kila tabaka, kila kimoja mahali pake. Kigae kilichookotwa kikapelekwa nyumbani kinaweza kukuambia kilitengenezwa lini, lakini sakafu iliyokuwa chini yake haitajulikana umri tena.

Maandishi yenye mwaka ni bahati. Gedi, karibu na Malindi, kuna kaburi lililochongwa 802, na huo ni mwaka wa Hijra. Ukitaka kujua ni lini kwa Miladi, zidisha kwa 0.97, kisha ongeza 622. Inakuja 1400, na ukihesabu kwa uangalifu ni 1399 hadi 1400, kwa kuwa mwaka ule ulianza mwezi wa Septemba 1399. Njia hiyo ya mkato hukosea kwa mwaka mmoja hivi, si zaidi sana, na inatosha kusimama mbele ya kaburi bila kitabu.

Gedi ndiyo mahali ambapo kitu kisichokaa sawa ni kikubwa kuliko vyote. Wareno waliingia Malindi mwaka 1498 wakakaa pwani hii miaka mingi, wakaandika mengi juu ya Malindi. Gedi iko umbali wa kilomita kumi na kitu tu, na wakati huo kulikuwa na mji wa mawe wenye msikiti mkubwa, jumba la kifalme na visima virefu. Hawakuutaja. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka 1948 hakuwa na majina ya wenye nyumba, basi nyumba zikaitwa kwa vilivyookotwa humo: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Kikasha cha Pembe. Fikiria nyumba yako ikaja kuitwa kwa kitu ulichokipoteza uvunguni.

Wapo wanaosema mapenzi ya magofu ni mambo ya watalii. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alitunga utenzi wa Al-Inkishafi kiasi cha miaka 200 iliyopita, akisimama mbele ya majumba ya Pate yaliyoanguka, na jicho lake lilikwenda moja kwa moja kwenye madaka ya vyombo yaliyokuwa yamegeuka kuwa viota vya ndege. Hakuwa mtalii.

Milango niiseme kwa ufupi. Kwa sheria ya Kenya, kitu cha kale ni kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895. Mlango wa nakshi umepewa nafasi yake, unalindwa ukiwa umechongwa kabla ya 1946. Anayetaka kuuza mlango wa babu yake aanzie ofisi ya makumbusho kabla ya kumpigia dalali.

Chokaa naomba msomaji avumilie, maana nyumba nyingi hapa zinakufa kwa kutoelewa jambo hili. Matumbawe huchomwa juu ya magogo yaliyopangwa duara mpaka moto ufike kama digrii 900, jiwe likatoa hewa yake ya kaboni likabaki jeupe na jepesi. Ukilimwagia maji linachemka lenyewe. Likichanganywa na mchanga, kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga, na kupigwa ukutani, chokaa huivuta tena hewa ile ile iliyotolewa na moto na kurudi kuwa jiwe, polepole, kutoka nje kwenda ndani. Kwa hiyo inataka unyevu na muda. Ikikaushwa na jua la kaskazi siku moja inabaki unga, na ukiipitisha kiganja kinatoka cheupe. Fundi anayejua kazi hupiga tabaka nyembamba, isiyozidi sentimita moja, akatundika magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, akangoja. Mchanga lazima uwe wa kuoshwa. Wa ufukweni ukija na chumvi yake, kazi imeharibika kabla ya kuanza.

Ukuta wa matumbawe hunyonya unyevu kutoka ardhini na kuutoa usoni. Ukiufunika kwa simiti, unyevu unakosa pa kutokea. Chumvi inajikusanya nyuma ya lipu, inaganda, inasukuma, na baada ya misimu miwili mitatu lipu imevimba kama andazi. Mwenye nyumba akiona hivyo huongeza simiti. Gonga kwa kifundo cha kidole: panapolia kama debe tupu, nyuma yake jiwe limeshaanza kuwa vumbi. Bandua yote, uache ukuta ukauke, ufagie chumvi kwa brashi kavu, kwa sababu ukiiosha unairudisha ndani, kisha upige chokaa. Na kabla ya kupiga, pitisha tochi kwa upande, mwanga ulale juu ya ukuta. Chini ya simiti mara nyingine kuna chokaa ya kwanza, na juu yake kuna alama ya kiganja cha mwashi, au jahazi lililokwaruzwa kwa msumari na mtu aliyekuwa anasubiri kitu.

Turudi chooni. Siku hizi birika linaondolewa, linakuja tangi la plastiki juu ya paa, na fundi anaagizwa alichomoe lile bakuli liwekwe sebuleni. Halichomoki. Chokaa imelishika kitako na kiuno pande zote, na patasi ya kwanza inatoa ukingo, ya pili inatoa ufa, ya tatu inatoa vigae. Kama ni lazima birika lizibwe, lizibwe pamoja nalo: ondoa samaki uwape ndoo, kausha, jaza bakuli mchanga uliooshwa mpaka ukingoni, weka kibao cha mbao juu, kisha sakafu ya chokaa, si simiti. Na uandike kwa penseli kwenye ukuta wa karibu, chini ya lipu mpya, kwamba lipo.